Sura ya Sita: Maji Kwanza, Mafuta Baadaye

Nsambya hakuna cha kuwinda. Kilima hiki cha Kampala kina hospitali, kanisa, shule, nyumba za zamani za reli, kambi ya polisi na msongamano wa magari wa Barabara ya Ggaba, na kiumbe mkubwa kuliko wote asiyefugwa ni kaloli, yule ndege mwenye upara anayeshinda jalalani. Hata hivyo, anayetaka kuandika habari za gobori katika Afrika Mashariki hawezi kukipita kilima hiki. Misheni yake ilizaliwa na vita vilivyopiganwa, kwa sehemu kubwa, kwa bunduki za kushindilia. Na katika mji unaozungumza Kiganda, kambi yake ya polisi ni mahali ambapo Kiswahili, lugha ya kazi ya askari wa Uganda tangu ukoloni, bado kina makao.

Kwa msomaji ambaye hajaliona, gobori ni bunduki inayolishwa kwa mdomo. Unatia baruti, unafuatisha kitambaa na risasi, unasukuma vyote hadi chini kwa mdeki, kisha unaweka fataki juu ya kifa, ile chuchu ya chuma iliyo nyuma ya mtutu. Nyundo ikiipiga fataki, moto unapenya tundu la kifa na kuiwasha baruti. Iliyotangulia fataki ni gumegume, iliyowashwa kwa cheche za jiwe. Zote mbili zina tabia moja inayozitenga na bunduki za kisasa, na tabia hiyo ndiyo habari ya sura hii: haziuawi na kutumika, zinauawa na usiku unaofuata baada ya kutumika.

Bunduki ziliingia Buganda kwa mikono ya wafanyabiashara wa pwani. Ahmed bin Ibrahim alifika kwa Kabaka Suna mwaka 1844, na baada yake misafara ikaendelea kupanda kutoka Unyanyembe kupitia Karagwe, ikileta nguo, shanga na bunduki, ikirudi na pembe za ndovu na watumwa. Mvumbuzi Mwingereza John Hanning Speke alipofika kwa Kabaka Muteesa wa Kwanza mwezi Februari 1862, katika zawadi zake kulikuwa na raifali moja ya Whitworth, bastola, kabini tatu, sanduku la risasi na sanduku la fataki. Visu, vijiko na uma vilitajwa pia katika orodha yake. Vifaa vya kusafishia mtutu havikutajwa. Kisa cha Muteesa kumpa mtumishi wake mdogo kabini iliyojaa na kumwamuru akampige mtu uani, ili ijulikane kama inafanya kazi, kimesimuliwa mara nyingi, na mtoto yule alirudi na uso wa furaha. Sina la kuongeza juu ya ukatili huo. Linalonivuta ni lile sanduku la fataki. Raifali ya Whitworth ilikuwa miongoni mwa bunduki zenye shabaha kali kuliko zote za wakati wake, lakini mbele ya Ziwa Viktoria, miezi mingi ya safari kutoka Bagamoyo, thamani yake ilitegemea vikofia vya shaba vilivyohesabika, na nidhamu ya mtu aliyekabidhiwa kuisafisha.

Baadaye bunduki zilikuja kwa wingi. Majeshi ya Ulaya yalipohamia bunduki za kulishia nyuma katika miaka ya 1860, yalibaki na maghala ya magobori yasiyotakiwa, na Zanzibar ikawa mlango wao. Makumi ya maelfu yalipita hapo kila mwaka kwenda bara. Mkataba wa Brussels wa Julai 1890 ulipojaribu kuuziba mlango huo, ulikataza silaha za shabaha katika sehemu kubwa ya Afrika lakini ukaacha mwanya kwa gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu na kwa baruti ya kawaida ya biashara. Mabwana waliokaa Brussels waliona kwamba bunduki ya namna hiyo haiwezi kuwatisha. Kwa ndovu na kwa jirani ilitosha kabisa. Semei Kakungulu, ambaye baadaye angeiteka sehemu kubwa ya mashariki ya Uganda ya leo, alijijenga kwanza kama mwindaji wa ndovu.

Tarehe 24 Januari 1892, Mengo, Wakatoliki waliomuunga mkono Kabaka Mwanga walipambana na Waprotestanti waliosaidiwa na Kapteni Frederick Lugard. Lugard alikuwa amewagawia wenzake bunduki, na alikuwa na Maxim, bunduki iliyojilisha yenyewe. Misheni ya Rubaga ikachomwa. Kwa kuwa katika Buganda Ukatoliki ulikuwa umegeuka kuwa jina jingine la Ufaransa, na Uprotestanti jina jingine la Uingereza, Roma iliamua kuleta mapadre Wakatoliki kutoka Uingereza ili kuuvunja mlinganyo huo. Vikarieti ya Nile ya Juu iliundwa mwaka 1894, Askofu Henry Hanlon na mapadre wa Mill Hill wakafika mwaka 1895, na Mwanga akawapa Nsambya. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko iliyoanzishwa hapo na Mama Kevin mwaka 1903 ni tunda la uamuzi huo.

Kisha ukaja Mkataba wa Buganda wa tarehe 10 Machi 1900, na ndani yake kodi mbili zilizolingana: rupia 3 kwa nyumba kwa mwaka, rupia 3 kwa bunduki kwa mwaka. Kabaka alipewa leseni 50 za bure, Namasole, yaani mama wa Kabaka, 10, kila mkuu wa saza 10. Mtu wa kawaida alipe. Mkataba haukuuliza kama mtutu ni mzima au umeliwa na kutu. Chochote kilichorusha risasi kwa nguvu ya baruti kilihesabiwa. Kwa hiyo mwenye gobori bovu alilitolea serikali sawasawa na nyumba aliyolala. Sijui sababu nzuri zaidi ya kumfanya mtu apashe maji ya kuoshea mtutu jioni.

Na sasa tuingie ndani ya mtutu.

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti, kwa mizani ya kawaida ya 75 kwa 15 kwa 10. Inapowaka haiishi yote kuwa moshi. Mwaka 1875 Andrew Noble na Frederick Abel, Waingereza wawili waliochoma baruti ndani ya vyombo vya chuma vilivyozibwa na kupima kilichobaki, walionyesha kwamba zaidi ya nusu ya uzito wake hugeuka kuwa kitu kigumu. Tia gramu 6, na zaidi ya gramu 3 zitabaki duniani zikiwa masizi na chumvi: nyingine zinarushwa nje pamoja na moshi, nyingine zinabandika ukuta wa mtutu. Sehemu kubwa ya chumvi hiyo ni kaboneti ya potasiamu, ndugu wa ile chumvi ya majivu ambayo bibi zetu waliichuja kwa maji na kupikia mboga. Aliyewahi kuiweka jikoni anajua tabia yake: inavuta unyevu kutoka hewani mpaka inalowa yenyewe. Ndani ya mtutu inafanya vivyo hivyo. Inakunywa hewa ya usiku, inageuka utelezi mweusi, na chini ya utelezi huo chuma kinaanza kuliwa.

Hapa Kampala, mita kama 1,200 juu ya bahari, ziwa likiwa karibu na mvua zikija mara mbili kwa mwaka, Machi hadi Mei na tena kuanzia Septemba, hewa haina huruma. Bunduki iliyopigwa asubuhi na kuegemezwa ukutani bila kuoshwa inaweza kuonyesha wekundu kesho yake. Ikikaa wiki moja, kutu inachimba vishimo. Na vishimo havisafishiki, kwa sababu kila kimoja kinakuwa mfuko wa kuhifadhia chumvi ya risasi ijayo. Mtutu wa namna hiyo unashika masizi zaidi, unashindilika kwa shida zaidi, na siku moja unakataa risasi katikati ya njia.

Wenye magobori wengi hukosea kwenye dawa. Wanayaogopa maji, kwa sababu wamefundishwa kwamba maji na chuma ni maadui, hivyo wanakimbilia mafuta ya taa au oili iliyotolewa kwenye injini. Mafuta hayayeyushi chumvi. Unapomimina mafuta ya taa ndani ya mtutu mchafu unalegeza masizi, unaona kitambaa kimetoka cheusi, unaridhika. Chumvi imebaki palepale, na mafuta ya taa yakishapeperuka hayaachi hata ngozi ya kukikinga chuma. Oili chafu ya injini ni mbaya zaidi: imeshabeba asidi na masizi yake yenyewe. Tena mafuta mazito ya petroli yakikutana na masizi ya baruti hufanya lami ngumu inayoganda chini kabisa ya mtutu, mahali ambapo moto wa fataki unatakiwa upite.

Dawa ni maji. Kinachotafunwa na chumvi ni chuma. Yanayoyeyusha chumvi ni maji, na hakuna kingine cha bei hiyo. Kuna kejeli ya kihistoria hapa ambayo siwezi kuiacha. Mwaka 1905, kusini mwa Tanganyika, wafuasi wa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe waliingia vitani wakiwa na mikuki na magobori, wakiamini maji ya dawa yatazigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Maji hayakuzizuia bunduki za Wajerumani. Lakini magobori yao wenyewe, katika mvua za nchi ile, yalihitaji kuyajua maji kwa pande zote mbili: yanaua baruti, yanaokoa mtutu.

Kabla ya tone la kwanza, hakikisha bunduki ni tupu. Hili halifanyiki kwa kukumbuka. Ingiza mdeki ndani ya mtutu mpaka ugote, weka alama ya kidole pale unapotokeza mdomoni, utoe, uulaze juu ya mtutu kwa nje. Ukifika usawa wa kifa, mtutu ni mtupu. Ukiishia vidole vitatu au vinne mbele yake, kuna kitu ndani, na habari ya kusafisha imekwisha kwa sasa. Mwindaji mwangalifu hukata alama mbili za kudumu kwenye mdeki wake: moja ya mtutu mtupu, nyingine ya mtutu ulioshindiliwa sawasawa. Alama hizo mbili zina faida kuliko hirizi zote nilizowahi kuziona zimefungwa kwenye kitako.

Fungua kifa kwa ufunguo wake na ukitie kwenye kikombe cha maji ya sabuni. Kama mtutu unatoka kwenye mti ulioubeba, utoe. Simamisha upande wa nyuma ndani ya karai la maji ya vuguvugu yenye sabuni ya mche. Sabuni ya unga iache ya kufulia, kwa kuwa nyingi huongezewa chumvi. Funga kitambaa cha pamba kwenye ncha ya mdeki, kiwe cha kubana kidogo, kisha vuta na sukuma. Kila unapovuta, maji yanapanda kupitia tundu la kifa. Kila unaposukuma, yanatoka na uchafu wake. Utasikia harufu ya yai viza. Hiyo ni salfaidi iliyobaki kwenye masizi ikikutana na maji, na ni dalili njema: kazi inafanyika. Maji yatakuwa meusi, kisha ya kijivu. Yabadilishe. Endelea mpaka yatoke kama yalivyoingia, halafu suuza kwa maji safi yasiyo na sabuni.

Juu ya joto la maji kuna mabishano yasiyoisha kati ya mafundi. Wapo wanaotaka maji yanayochemka, kwa hoja kwamba chuma kikipata moto kinajikausha chenyewe. Hoja ni nzuri, ila chuma chenye joto kali na unyevu kinaota wekundu mwembamba papo hapo, mbele ya macho yako, nawe utalazimika kuufuta. Mimi nipo upande wa vuguvugu. Anayependa yachemke na ayachemshe, mradi asizembee kwenye kukausha.

Kukausha ndiko kunakowashinda watu, kwa sababu kunachosha na hakuna cha kuona. Kitambaa kikavu, kingine, kingine tena, mpaka kitoke kikavu kweli na si kwa kukisia. Uweke mtutu juani, au karibu na jiko la makaa lakini si juu yake. Puliza kwenye tundu la kifa. Maji hujificha pale chini nyuma, na chini nyuma ndipo mlipuko unapotokea na ndipo chuma kinapotakiwa kuwa kizima kuliko mahali pengine popote.

Ndipo mafuta yanapopata zamu yake. Mafuta ya cherehani yanatosha, na yanapatikana katika kila soko kuanzia Kampala hadi Kigoma. Kitambaa kilicholowa kidogo, pitisha mara moja au mbili, mtutu ung'ae bila kuchuruzika. Mafuta ya alizeti usiyatie. Yakikaa yanakauka na kuwa gundi. Hifadhi bunduki mdomo ukiwa chini kidogo ili mafuta ya ziada yasitiririke kwenda kwenye kifa na kuingia kwenye mti, kwani mti ulioshiba mafuta hulainika na kupasuka pale unapobeba kishindo.

Kesho yake pitisha kitambaa cheupe kikavu. Kikitoka cheupe, au na kivuli cha kijivu, umemaliza. Kikitoka na rangi ya kahawia, kuna chumvi uliyoiacha: rudi kwenye karai. Katika miezi ya mvua rudia jaribio hilo kila wiki hata kama bunduki haijapigwa.

Mtutu usiotoka kwenye mti, na magobori mengi ya mafundi wa vijijini yako hivyo, unahitaji subira zaidi. Ziba tundu la kifa kwa kijiti, mimina maji mdomoni, ziba kwa kidole gumba, tikisa, mwaga, rudia. Funika mtambo na mti kwa kitambaa kilichopakwa nta ili maji yasiingie kwenye maungio. Nyundo nayo isafishwe kwa mswaki wa zamani, hasa kile kikombe kinachoifunika fataki, maana gesi inayotoroka kwenye kifa inakipiga kila mara. Kifa chenyewe kichokoe kwa sindano, kipake grisi kidogo kwenye nyuzi, ukirudishe. Usikifyatulie nyundo bila fataki. Ukingo wake unapondeka na fataki hazitakaa tena.

Yote hayo ni ya jioni. Mchana, porini, kuna usafi wa aina nyingine. Baada ya risasi mbili au tatu mtutu unakuwa mwembamba kwa masizi, na risasi iliyoingia vizuri asubuhi inaanza kukwama. Hapo ndipo ajali hutokea. Risasi ikikwama nusu ya njia, ikabaki nafasi tupu kati yake na baruti, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka mkononi. Kwa hiyo mwindaji hupitisha kitambaa chenye unyevu, hata wa mate, kisha kikavu, kabla ya kushindilia tena. Na anapiga mdeki mpaka alama ya pili ifike mdomoni. Isipofika, hapigi. Unyevu huo unasaidia jambo jingine: unazima kaa lolote lililobaki ndani. Baruti haimwagwi mtutuni moja kwa moja kutoka kwenye pembe inayoihifadhi, hata siku moja. Inapimwa kwenye kikombe kidogo, ili cheche ikiwepo iunguze kipimo kimoja na si pembe nzima karibu na uso.

Mafuta ya kulainishia risasi yana historia iliyomwaga damu. Mwaka 1857 askari wa Kihindi wa Kampuni ya Kiingereza ya India ya Mashariki waliasi, na moja ya sababu ilikuwa uvumi kwamba karatasi za risasi za raifali mpya ya Enfield, nayo ya kushindilia, zilipakwa mafuta ya ng'ombe na nguruwe. Walitakiwa kuzing'ata kwa meno. Kitaalamu shahamu ilikuwa sahihi, kwa sababu inayafanya masizi yabaki laini. Kwa mengine yote ilikuwa balaa. Mwindaji Mwislamu wa pwani ana nta ya nyuki na mafuta ya nazi, na vinafanya kazi hiyohiyo bila kumkosesha mtu usingizi. La kuepuka kwa wote ni siagi ya dukani yenye chumvi. Chumvi uliyoinunua inakula chuma sawa na ile iliyotoka kwenye baruti.

Asubuhi ya kuanza msimu, mafuta uliyoyapaka yanageuka kuwa adui. Yakibaki ndani yatailowesha baruti. Pitisha kitambaa kikavu, kisha piga fataki moja au mbili peke yake, mtutu ukiwa mtupu na mdomo wake karibu na jani la nyasi. Jani likitikisika, njia ya moto iko wazi. Mvua ikitishia, pakaa nta ya nyuki kuzunguka fataki na ufunike mtambo kwa kipande cha ngozi. Fataki ikilia na bunduki isilie, usiishushe wala kuchungulia: iache ielekee palepale salama kwa dakika nzima, kwa kuwa baruti yenye unyevu inaweza kuchelewa kuamua.

Je, hayo yote yanafanyika wapi leo? Tanzania, ambako msimu wa uwindaji hufunguliwa tarehe 1 Julai na ambako Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka kila mmiliki awe na leseni, gobori bado ni silaha ya mkulima na mwindaji wa kijijini. Pia ni silaha inayotajwa mara kwa mara polisi wanapoonyesha walichokamata, pamoja na gololi, baruti na fataki zake. Katanga wanaliita pupu na mafundi wa huko wanalitengeneza wenyewe. Kuna mitutu inayotokana na mabomba ya maji au vyuma vya usukani wa gari, na kuna watu wanaotia unga wa vichwa vya viberiti badala ya baruti. Juu ya hilo sina ushauri wa matengenezo. Klorati iliyo kwenye viberiti inalipuka kwa pigo dogo na inaacha chumvi kali inayotafuna chuma, na bomba la maji halikutengenezwa kuzuia mlipuko. Hakuna usafi unaoligeuza kuwa mtutu. Marekani, kwa upande mwingine, majimbo mengi yametenga msimu maalumu wa magobori. Pennsylvania ina msimu wa gumegume peke yake tangu mwaka 1974. Huko baruti za kubuniwa kama Pyrodex, iliyoingia sokoni mwaka 1976, zimewadanganya wengi kuwa kazi ya jioni imefutwa. Haijafutwa. Nazo zinakula chuma.

Uganda ni habari fupi. Uwindaji wa michezo ulipigwa marufuku mwaka 1979, ukarudishwa kwa majaribio mwaka 2001 jirani na Ziwa Mburo, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 haimruhusu mtu kuingia porini na bunduki bila haki iliyotolewa kwa maandishi. Sheria ya Silaha ya mwaka 1970 inataka cheti kwa kila bunduki. Mtu wa Nsambya mwenye gobori, basi, hana msimu. Alichonacho, kama anacho, ni urithi: kitu kilichofungwa kwenye gunia, kilichokutwa darini baada ya msiba kijijini, ambacho wajukuu wanataka kukisugua king'ae ukutani.

Kwake yeye nina neno la mwisho. Baruti nyeusi iliyokaa pakavu haizeeki. Mwaka 2008, huko Virginia, Marekani, mkusanyaji wa mabaki ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 aliuawa nyumbani kwake na kombora la vita hivyo alilokuwa akilisafisha. Lilikuwa limelala zaidi ya miaka 140. Babu aliyeshindilia gobori lake jioni ya mwisho na kuliweka darini hakumwachia mtu maelezo. Basi usilisugue, usichokoe kifa, usijaribu kuvuta kilichomo. Usilipeleke polisi kwa kulibeba mgongoni juu ya bodaboda, kwani utakuwa mtu mwenye silaha bila cheti katikati ya Kampala. Liache lilipo, mdomo ukielekea mahali pasipo na mtu, watoto watoke, kisha nenda kituoni mikono mitupu, eleza ulichokikuta, na uwaache askari waje kulichukua wenyewe.